Kuchapa na kujalidi mswada Kampala: Wandegeya au Nasser Road?

Mwandishi aliyemaliza sura au hadithi haaminiki na faili lake. Saa za kwanza ni furaha tupu: anataka kumtumia kila mtu, hata mhariri asiyemjua. Kesho yake anaamka mpweke, kwa sababu wahusika alioishi nao miezi kadhaa wamenyamaza. Kisha shaka inaingia, na hapo ndipo sura nzuri hufumuliwa usiku wa manane na kufutwa. Katika hali zote hizo hawezi kuipima kazi yake sawasawa. Kwa hiyo huduma ya kuchapa mswada kwenye karatasi na kuujalidi siku ileile unapokamilika naiona ya thamani kuliko bei yake. Inaweka kando toleo moja lisiloguswa, na inaipa mikono kazi wakati kichwa kimechoka.

Kwa nakala moja au mbili, nenda Wandegeya. Pale chini ya kilima cha Makerere vibanda vya kuchapa, fotokopi na kujalidi vinaishi kwa wanafunzi, wamezoea tasnifu nene, na ushindani wao unakupa nafasi ya kupatana bei. Ubaya wake ni mwisho wa muhula: foleni inakuwa ndefu, mashine zinafanya kazi bila kupumzika, na mswada wako unachapwa na kijana anayetazama watu kumi nyuma yako. Kama sura yako imeisha wiki hizo, nenda asubuhi mapema. Na kabla hujakabidhi kazi, uliza kama pana jenereta. Umeme ukikatika katikati, kurasa zilizokwishatoka na zile zinazosubiri huchanganyika kirahisi.

Hesabu yake ni hii. Karatasi ya A4, fonti ya pointi 12, nafasi mara mbili kati ya mistari: ukurasa mmoja unabeba maneno kama 250. Riwaya ya maneno 60,000 itatoa kurasa 240, chini kidogo ya nusu rimu. Chapa upande mmoja tu, upande wa pili uachie kalamu. Uliza bei ya ukurasa kabla hujakaa, maana tofauti ya shilingi 100 tu kati ya kibanda na kibanda ni shilingi 24,000 kwa mswada huo. Taka karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Nyepesi kuliko hiyo huonyesha maandishi upande wa pili. Kila karatasi ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu tano hivi, kwa hiyo utatoka na kilo moja na gramu mia mbili mkononi. Uzito huo una kazi yake. Mtu ambaye jana alihisi hana kitu tena leo ana kitu cha kubeba, na kwa waandishi wengi upweke wa baada ya kumaliza hupungua hapohapo kaunta.

Faili lipelekwe likiwa PDF. Ukipeleka la Word, kompyuta ya kibanda isiyo na fonti yako itaweka nyingine, na kama ukurasa umepangwa kwa kipimo cha Letter cha Kimarekani badala ya A4, mistari itahama na sura zitaanza mahali pasipo pake. Acha pambizo ya kushoto ya sentimita 3.5, kwa sababu mashine ya kutoboa hula karibu sentimita moja na maneno ya mwanzo wa mstari hayatakiwi kufichwa na waya. Tumia flashi isiyo na kitu kingine. Virusi vya kompyuta hizi hujulikana: mafaili yako yanafichwa na badala yake zinatokea njia za mkato. Ukitumia WhatsApp ya kwenye kompyuta yao, toka kwenye akaunti wewe mwenyewe, kisha futa faili kwenye folda ya vipakuliwa na kwenye pipa la taka. Hadithi ambayo haijatoka haina sababu ya kulala kwenye kompyuta ya watu.

Kujalidi ndiko wengi wanakokosea, na wanakosea kwa furaha. Mtu amemaliza riwaya, anataka jalada gumu jeusi lenye maandishi ya dhahabu kama la tasnifu. Usifanye hivyo kwa rasimu. Jalada la namna hiyo linakufanya uogope kuandika ndani yake, na rasimu isiyoandikwa juu yake haijakusaidia kitu. Gundi ya moto nayo siipendekezi: kitabu hakikai wazi mezani, na ukikilazimisha uti wake unapasuka na karatasi zinachomoka. Yamebaki spairo, yaani waya wa mzunguko unaopita kwenye matundu, na meno ya plastiki. Spairo hukunjika hadi nyuma, inafaa kwa anayesoma ndani ya teksi, lakini ukitaka kubadilisha sura moja lazima uichomoe yote. Meno ya plastiki hufunguka. Unatoa sura ya nne, unaweka mpya, unafunga. Kwa rasimu ya kwanza mimi nachagua meno. Karatasi 240 zina unene wa sentimita mbili na nusu hivi, kwa hiyo omba ya milimita 28 au zaidi. Wakikubania kwenye ndogo kwa sababu kubwa zimeisha, kurasa za kwanza na za mwisho zitachanika matundu ndani ya siku chache.

Usilipe yote kabla ya kupekua. Pekua kurasa moja moja ukitazama namba. Miezi ya mvua karatasi hunyonya unyevu, zinashikana, na printa inavuta mbili kwa pamoja. Utakuta karatasi nyeupe katikati ya mazungumzo. Tona, yaani wino wa unga wa printa, ikikaribia kuisha, mstari mweupe hushuka wima katikati ya ukurasa, nao utauona vizuri ukiinua karatasi kwenye mwanga wa mlangoni. Kurasa hizo zirudiwe bure, na vibanda vizuri havibishani. Na kama mvua imeshika, funga mzigo kwenye kavera mbili, yaani mifuko ya plastiki, kabla ya kupanda boda.

Wanaoandika kwa mkono kwenye kaunta buku wana mtihani wa ziada, nao ni mchapaji anayeingiza maandishi kwenye kompyuta. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, lakini vidole vya wachapaji wengi vimezoea Kiingereza na Kiganda. Tahajia ya Kiganda huandika r baada ya e na i, kwingine huandika l. Ndiyo maana "habari" hurudi "habali", na "kelele" hurudi "kerere". Hayo utayaona haraka. La hatari ni "kura", kwa sababu likirudi "kula" ni neno halali na hakuna programu itakayolipigia mstari mwekundu: siku ya kura inakuwa siku ya kula, na msomaji wako anapotea. Kibainishi cha ng' nacho hudondoka, ng'ombe wanakuwa ngombe. Mpe mchapaji karatasi yenye majina ya wahusika wote na maneno yako yenye r na ng', mwombe achape kurasa tano kwanza, zisome palepale, ndipo aendelee. Na azime masahihisho ya moja kwa moja ya Kiingereza, la sivyo kompyuta itakuandikia hadithi nyingine.

Kama umemaliza sura moja tu, usijalidi. Pini moja kwenye kona inatosha, na toa fotokopi kulingana na wasomaji watakaokaa nawe. Femrite, chama cha waandishi wanawake chenye makao Kamwokya, kimejenga desturi ya waandishi kukutana na kusomeana kazi, na hata kundi la watu watatu nyumbani linaweza kuiga: kila mmoja na nakala yake, mwandishi akisoma kwa sauti, wengine wakitia alama bila kumkatiza. Mwandishi atasikia mwenyewe mahali ulimi unapokwama. Mswada mzima uweke kabatini wiki tatu au nne kabla ya kuushika kwa kalamu. Ukiufungua mapema zaidi unasoma ulichokusudia, siyo kilichoandikwa.

Nasser Road ni ya baadaye. Ni mtaa wa wachapaji wakubwa: kalenda, vitabu vya risiti, mabango, mashine za kukata rimu nzima kwa mara moja. Kwa nakala moja utasukumwa pembeni, na madalali wa barabarani watachukua kazi yako kuipeleka kwenye mashine ya mtu mwingine usiyemwona. Ingia mwenyewe dukani, simama karibu na mashine, na omba nakala ya mfano kabla ya zote kuchapwa. Nenda huko ukiwa na rasimu iliyosahihishwa na unataka nakala kuanzia mia hivi. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, iombe mapema Maktaba ya Taifa ya Uganda, kwa kuwa namba hiyo inatakiwa iwe kwenye ukurasa wa hakimiliki na nyuma ya jalada kabla mashine haijawashwa. Ukisahau, utabandika stika kitabu kwa kitabu.