Roloni ya kupaka usiku, shati la bluu limetoka kabatini

Mimi ni mwalimu, kila siku Mbagala mpaka Kariakoo kwa daladala, nimeshika bomba la juu saa moja asubuhi na jasho la kwapa limeshachora ramani kwenye shati mpaka mbavuni, halafu nikifika nainua mkono kuandika ubaoni watoto wanaanza kukonyezana. Na sio kikwapa jamani, kikwapa ni harufu, mimi ni maji tu yanatiririka hata Julai, hata kwenye AC. Miaka yote nguo zangu nyeusi na nyeupe.

Roloni za supamaketi nimezimaliza, kumbe nyingi nilizochukua ni diodoranti tu, zinatuliza harufu, jasho lenyewe hazina habari nalo. Bibi akanipa shabu, ikanisogeza kidogo, ila kwa jasho langu ilikuwa kama kudeki bahari.

Hii nimenunua famasi, kichupa kidogo, nyuma wameandika alumini kloraidi asilimia 20. Bei imechangamka. Inaziba vitundu vya jasho, na inapakwa USIKU kwa sababu ukilala jasho linapungua dawa inapata pa kukaa, asubuhi unaoga unaitoa. Sasa mimi na ubishi wangu siku ya kwanza nimetoka kunyoa na kuoga nikapaka hapohapo, weee! Nimelala mikono juu kama nimekamatwa na polisi. Mfamasia alicheka kwanza ndo akanieleza, ikikutana na maji inatengeneza asidi, kwahiyo kwapa likauke kabisa, kaa hata mbele ya feni, na ukinyoa usipake siku hiyo.

Usiku wa nne au wa tano nikaanza kuona tofauti, sasa hivi napaka mara mbili tu kwa wiki na Jumatatu nimevaa shati la bluu bahari, lilikuwa na lebo yake bado.

Mdogo wangu yeye ni viganja, mpaka daftari linalowana, kwake haijafanya kitu cha maana. Daktari wa ngozi kamwambia kuna mashine, unatumbukiza mikono kwenye maji yanayopitishwa umeme mdogo, bado anajishauri.

Ila kama jasho limekuanza ghafla ukubwani, au linakulowesha usiku huku unakonda, usikimbilie hii, nenda kapime TB, sukari na tezi ya shingo kwanza.

Nyota 4. Moja nimeibania, foronya yangu nzuri imeliwa, iacheni ikauke ndo mlale.