Uzio wa muda wa mbwa: ununue upi Unguja

Anayefuga mbwa wa ulinzi Paje, Jambiani au Makunduchi anajua: ukipiga mtarimbo, shubiri moja tu ushafika kwenye jiwe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya wavu, jiulize uzio wenyewe utasimamaje.

Namba moja kwangu ni fremu za skweya paipu zilizochomelewa wavu wa matundu ya inchi 2. Fundi yeyote wa kuchomelea anaziweza. Agiza sita, kila moja upana mita 2, kimo mita 1.5, ziungwe kwa bawaba. Zinasimama zenyewe bila shimo hata moja. Ukizipanga mstatili unapata mita za mraba 8. Zipange pembe sita, fremu zilezile, unapata zaidi ya 10. Moja iwe mlango, komeo nje. Bei yake inauma, ila ukihama unahama nazo. Usikubali kuzichukua bila rangi ya kuzuia kutu, na kagua palipochomelewa, maana chumvi ya bahari huanzia hapo. Penye mchanga, mbwa atafukua: laza kipande cha wavu chini, upande wa ndani, ukikandamize kwa mawe.

Namba mbili ni wavu huohuo wa roli, ukafungwa kwenye nguzo za mvinje zilizosimikwa ndani ya ndoo za zege. Dukani uliza geji; namba ikiwa ndogo, waya ndiyo mnene. Boriti za mikoko ni imara zaidi, lakini ukataji wake una kibali, na si kila muuzaji anacho.

Wavu wa kuku ni wa tatu, kwa watoto wa mbwa tu. Mkubwa anausukuma kwa kifua ukalegea.

Makuti ya kumba siyapi namba, kwa sababu mbwa akitaka kutoka atayapasua. Lakini yafunge upande wa njia: asiyeona wapita njia habweki ovyo, na watoto wa chuoni wanapita bila kukimbia. Upande huo mmoja unatosha. Ukiziba zote, kusi likivuma fremu zitalala chini, na mbwa mwenyewe atakosa hewa.

Nyavu kuukuu za uvuvi usichukue hata ukipewa bure. Mbwa hunasa mguu au shingo, na kadiri anavyojitupa ndivyo uzi unavyokaza.