Daktari wa samaki anayefika nyumbani, Kampala: vipimo kwanza, dawa baadaye

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo Kampala na Entebbe, samaki akiugua, humwendea aliyewauzia, naye huwapa chupa ya dawa bila hata kuuliza tangi lina lita ngapi. Kwa samaki mdogo hasara yake inaweza kuvumilika, lakini kwa samaki mkubwa aliyelelewa kwa miaka mingi utaratibu huo ni hatari. Kwa hiyo naisifu kwa dhati huduma ya daktari wa mifugo anayetembelea nyumba, niliyemwita kwa ajili ya oskari wangu. Huyu ni samaki wa asili ya Amerika Kusini, anayeweza kufikia urefu wa sentimita 30 na zaidi. Wangu alikuwa amekataa chakula, akitoa kinyesi cheupe kama uzi, na kichwani amefanya vishimo.

Daktari alianza na maji. Alipima joto, pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji), na amonia, nitriti na nitrati, yaani kemikali zitokanazo na uchafu wa samaki, akaeleza kwa nini vipimo hivyo husomwa pamoja: maji yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi, hivyo kiasi kilekile cha amonia huweza kuvumilika katika tangi moja na kuunguza matamvua katika jingine. Letu halikuwa na amonia, ila nitrati ilikuwa juu mno. Samaki mkubwa hula sana na kuchafua sana, na bakteria wa kwenye chujio huigeuza amonia kuwa nitrati, ambayo kwa kawaida haipungui mpaka maji yabadilishwe.

Uchunguzi wa samaki mwenyewe ndio ulionishawishi zaidi. Alimlegeza kwa mafuta ya karafuu, karafuu hiihii tunayoitia kwenye pilau, yaliyochanganywa kwanza na spiriti kidogo kwa kuwa hayayeyuki vizuri katika maji matupu. Akampima uzito ndani ya ndoo ya maji iliyokwisha kupimwa, ili asikae mkavu juu ya mizani, akakwangua ute kidogo ubavuni na kuchukua kinyesi kibichi. Vyote alivitazama palepale kwa hadubini aliyokuja nayo, maana vimelea alivyokuwa akivitafuta hufa upesi na sampuli iliyochelewa haioneshi kitu. Nilipoinamia lenzi nami niliwaona: viumbe wadogo wenye vikia kama mijeledi, wakienda mbio huku na huko kwenye kinyesi.

Alieleza bila kujikweza kwamba ugonjwa wa matundu kichwani hauna chanzo kimoja kilichokubaliwa na wataalamu wote. Vimelea hivyo, maji machafu na chakula kisicho na vitamini za kutosha vyote hutajwa. Kwa hiyo alitibu vyote vitatu. Moyo wa ng'ombe niliokuwa nikimlisha uliondolewa, maji yakaanza kubadilishwa mara kwa mara baada ya kuondolewa klorini ya bomba, na metronidazoli, dawa ya kuua vimelea hivyo, ikatolewa kwa dozi iliyokokotolewa. Dawa hiyo hufaa zaidi ikipitia kwenye chakula, kwani samaki wa maji yasiyo na chumvi hunywa maji kidogo sana na tangi kubwa hula dawa nyingi bure. Lakini mgonjwa asiyekula hawezi kulishwa dawa, kwa hiyo dozi za mwanzo zilitiwa majini, mkaa wa chujio ukiwa umetolewa ili usiinyonye. Ile dawa ya buluu niliyopewa dukani alinikataza kuitumia katika tangi hilo, kwa sababu huua bakteria wa chujio, na amonia ingepanda wakati mgonjwa hana nguvu.

Oskari sasa anakula, na vishimo vimeanza kujaa, ingawa makovu yatabaki. Ada hukubaliwa kwa simu kabla ya safari na haikuongezwa baadaye, jambo ninalolithamini.

Kasoro ninazoziona ni mbili. Ripoti ya maandishi ilichelewa, ilhali dozi ni jambo la kusoma na si la kukumbuka. Tena hakuna huduma ya dharura usiku. Samaki akifa kabla ya daktari kufika, maelekezo ni kumweka juu ya barafu bila kumgandisha na kumpeleka asubuhi na mapema, kwa kuwa mzoga wa samaki huharibika haraka na kugandisha huvuruga nyama inayotakiwa kuchunguzwa.