Uzoefu wangu: kutafuta asili ya kisu cha Indonesia kwenye makusanyo ya Wereldmuseum mtandaoni

Kama una kisu cha zamani cha Indonesia umekiokota kwenye masoko ya mitumba hapa Uholanzi na hujui kimetoka kisiwa gani, anzia kwenye makusanyo haya ya Wereldmuseum, makumbusho ya Uholanzi ya tamaduni za dunia, ni bure na picha ni nyingi mno.

Changu kilikuwa cha ajabu kweli, mpini mwembamba mrefu kuliko hata chuma chenyewe, na mwishoni kipande cha pembe. Aliyeniuzia alishikilia kwamba ni keris, lile jambia la Java. Haiwezi kuwa jamani, keris ina makali pande zote mbili na chuma chake hupanuka upande mmoja pale kinapoingia mpinini, hiki kina makali upande mmoja tu. Nikalipia huduma moja ya kukagua vitu vya kale kwa picha (jina naliacha), wakaniandikia kisu cha Asia basi, hata kisiwa hawakutaja, inaumiza.

Sasa kwenye makusanyo ya museum nikawa natafuta kwa eneo. Aceh kuna rencong, Sulawesi badik za Wabugis, Java Magharibi kujang za Wasunda, vyote visu vizuri ila hakuna kinachofanana na changu. Nikaenda Borneo, kwa Wadayak, nikafungua mandau, yale mapanga yao marefu, na kwenye picha za ala (mfuko wa kuwekea panga) nikaona kuna ala nyingine ndogo imefungwa kwa nyuma na ndani yake kisu kama changu kabisa, yaani mpaka ile pembe! Kinaitwa pisau raut, kazi yake kuchonga henzerani na mbao, na ule urefu wa mpini ni ili uubane kwapani au kwenye mkono, chuma kitulie wakati unachonga. Kumbe ni mwenzake mandau, sio silaha inayosimama peke yake.

Kasoro: maelezo mengi ni ya Kiholanzi, na picha nyingine ni ndogo. Lakini wanakuandikia nani alikusanya kitu na wapi, mfano vile vya daktari Nieuwenhuis aliyevuka Borneo toka Pontianak hadi Samarinda mwaka 1896-97, ukilinganisha na vitu vyenye asili inayojulikana hivyo unakuwa na uhakika zaidi kuliko maneno ya muuzaji.

Nyota 4 kati ya 5. Ukienda kutafuta angalia kwanza mpini na ala, chuma baadaye, na usiishie picha ya mbele.