Sheli ya mfumo: njia ipi uchukue kwenye skripti ya kujengea programu

Kwenye soko hili la kutafuta sheli, yaani programu inayosoma amri za skripti na kuzitekeleza, hutoi hata senti. Bili huja baadaye, siku skripti yako inapotua kwenye mashine usiyoijua, na kwa bili hiyo ndiyo nimezipanga njia hizi.

Ya kwanza, na kwa wengi ya mwisho kutafuta: andika #!/bin/sh juu ya faili, mstari unaotaja sheli ya kuiendesha, basi. POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, haiahidi kwamba sh itakuwa hapo, lakini Linux, macOS na BSD huiweka hapo, hata NixOS ambayo karibu haina kingine ndani ya /bin. Kinachobadilika ni sheli utakayoikuta nyuma ya jina hilo: Debian hukupa dash, Alpine hukupa ash ya BusyBox, Fedora bash. Kwa hiyo unalipa kwa kujizuia usitumie nyongeza za bash. Niliwahi kuandika if [[ $mfumo == Linux ]] kwenye kompyuta yangu yenye bash, ikaenda vizuri. Kwenye seva ya Debian ikalalamika kwamba [[ haipo, na ubaya wake haikusimama. Kwa kuwa kosa lilikuwa ndani ya if, hata set -e, inayosimamisha skripti amri ikishindwa, haikulishika. Sharti likahesabiwa si kweli, kazi ikaendelea upande wa else. Nilitakiwa kuandika [ "$mfumo" = Linux ]: mabano moja moja, alama moja ya sawasawa.

Ya pili ni kuuliza mfumo wenyewe: chukua orodha ya saraka za amri inayotolewa na getconf PATH, kisha tafuta sh humo kwa command -v. Fanya hivi wakati wa kusakinisha, jibu uliandike kwenye skripti unazozizalisha. Ina kazi zaidi, ila Solaris 10 itakushukuru: /bin/sh yake ni Bourne ya zamani isiyojua $(...) ya kuchukua tokeo la amri, na ile ya POSIX inakaa /usr/xpg4/bin/sh. Anayetumia Autoconf, zana ya kutengeneza skripti za configure, aielekeze huko kwa CONFIG_SHELL.

Ya tatu, #!/usr/bin/env bash, ambapo env huitafuta bash kwenye PATH, ichukue pale tu unapohitaji safu (arrays) za bash kwelikweli. FreeBSD huweka bash ndani ya /usr/local/bin, tena mpaka uisakinishe. Ile ya macOS ni 3.2, haina safu za funguo za maneno zilizokuja na 4.0. Usiongeze -e baada ya bash kwenye mstari huo: Linux huyashika maneno yote mawili kama jina moja, na env haitalipata.

Windows ni duka jingine. Kigeu chake cha mazingira, COMSPEC, hukupeleka kwa cmd.exe, ambayo lugha yake si hii kabisa. Acha find_program ya CMake au Meson, zana za kujengea programu, itafute sh, na ikikosa isimame mapema kwa ujumbe unaoeleweka.

Mkiani ipo $SHELL, kigeu cha mazingira. Rahisi ghali: hiyo ni sheli anayoingilia mtumiaji, na akiwa mpenzi wa fish, sheli yenye lugha yake, skripti yako imekwisha. GNU make yenyewe, zana inayojenga programu kwa kufuata faili la Makefile, haiichukui kutoka kwenye mazingira. Usipoitaja SHELL ndani ya Makefile, inakwenda /bin/sh.