Lost Stars: nimekimaliza kwenye feri ya Likoni

Kitabu hiki cha Claudia Gray nilikinunua mia tatu kwa muuza vitabu vya mitumba mjini, nikampelekea mpwa wangu wa kidato cha pili. Akakimaliza kwa siku nne, akanirudishia: "Mjomba, kisome, halafu tuje tuzungumze habari za Ciena." Basi nikawa nakisoma nikivuka kwenda kazini asubuhi na nikirudi jioni.

Ni hadithi ya Star Wars, zile filamu za vita vya angani, iliyoandikiwa vijana, ilitoka 2015. Thane na Ciena wamezaliwa Jelucan, sayari ya milima. Thane kwao ni matajiri waliohamia baadaye. Ciena ni wa wenyeji wa mabondeni, hawana kitu, ila neno likishawatoka halirudi. Wana miaka minane Dola, utawala wa kimabavu unaotawala sayari nyingi, inapoitwaa sayari yao, nao kwa utoto wao wanafurahia vyombo vinavyopita angani. Wanakua, wanaingia chuo cha kijeshi, wanapendana, kisha vita vinamtupa kila mmoja upande wake.

Mimi nilitarajia mizinga na mbio za vyombo. Vimo, tena vizuri, lakini kilichonishika ni kile kiapo cha Ciena. Uovu wa Dola anauona kwa macho yake na bado haondoki, maana ameshaapa. Nani hapa kwetu hana jamaa aliyebaki mahali miaka na miaka, moyo umeshatoka, kwa kuwa tu alitamka mbele ya watu? Halafu kuna rafiki yao Nash. Kwao ni sayari ya Alderaan, na Dola ile ile anayoitumikia ndiyo inayoilipua. Nikasema huyu sasa ataasi. Wapi! Ndiyo kwanza anazidi kuitumikia. Hapo nilifunga kitabu nikatazama maji mpaka watu wakaanza kunisukuma tushuke.

Na Ciena ana dada aliyekufa mchanga. Akiona jambo zuri humwita atazame kupitia macho yake yeye. Vistari viwili vitatu tu, lakini hivyo ndivyo vilivyonifanya nimwamini msichana huyu.

Katikati kinachosha. Mwandishi anafuata filamu za Star Wars za 1977 hadi 1983 hatua kwa hatua, na kila penye vita vikubwa, hawa wawili wapo. Sadfa zimezidi. Usiyeziona filamu utapotea. Uliyeziona unajua tayari nani anashinda, unangoja tu wapite. Kikifika vita vya mwisho kwenye sayari ya Jakku kinarudi juu, na huko sisemi kitu.

Kwa wazazi: mapenzi yamo, lakini yamesitiriwa. Kiingereza chake chepesi, na kurasa zaidi ya 500 zinakwenda.

Nakala yangu ndiyo iliyonitia aibu. Muuzaji aliniapia ni nzima. Joto la huku likalegeza gundi, karatasi tatu zikapeperuka katikati ya kivuko. Mama mmoja mwenye kapu la samaki akaikanyaga moja kabla haijafika majini. "Shika barua zako, mwanangu." Sasa nimekifunga kwa mpira, na ukurasa mmoja unanuka changu.

Mpwa wangu anasema Ciena ni mkaidi tu, hana lolote. Nimemwambia kitabu harudishiwi mpaka aje tubishane vizuri.