Darubini ya 8x42 ya kukodi Mwanjelwa: inafaa kwenda nayo Pemba?

Kwa anayetoka Mbeya kwenda kutafuta ninga wa Pemba, ndege asiyepatikana kwingine duniani, darubini hii ya macho mawili, inayokuza mara 8 (42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita), inafaa kuliko ya 10x42, ambayo hukuza mara 10 na botini hutikisa picha mpaka ndege anapotea. Isawazishe kwanza na macho yako: fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka picha iwe wazi, kisha fumba la kushoto, zungusha pete ya kwenye jicho la kulia la darubini mpaka iwe wazi tena. Pete hiyo imelegea, hujisogeza yenyewe begini, kwa hiyo ishikize kwa kipande cha plasta. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya begi nusu saa, la sivyo vioo vitapata ukungu. Chumvi ya bahari iloweshe kwa maji ya kunywa. Ukifuta kikavu unakwaruza kioo. Mkanda, kwa kweli, ni kamba ya mbuzi: nenda na wako.